Velo ya Zorobabel na macho ya kufunga

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimechoka. Naanza na hilo ili lisinisumbue tena.

Solange haiko. Tangu batoto bafunge masomo, yeye yuko ku Beni, mu Mulekera, kwa kaka yake Josaphat. Alienda na mutoto wetu Bénite. Sababu? Manjanja, yale mabati ya paa la jikoni. Niliyatoa juu ya kujenga nyumba ya kware. Mpango muzuri sana, ule wa kware. Kware bote bakafa. Solange akapika chini ya mvua, mwavuli mukono mumoja, mwiko mukono mwingine. Siku moja akaweka mwiko chini. Akasema amechoka na mwanaume wa kuanza. Akasema aliolewa na batu mia ndani ya mutu mumoja, na hata mumoja wao hajamaliza kazi.

Maneno makali. Mpaka leo natafuta jibu lake.

Kwetu Banande desturi iko wazi. Bibi akirudi kwao, bwana anamufuata. Anachukua muzee mumoja wa familia, anachukua mbuzi, anakaa ku kiti kifupi mbele ya bashemeki, ndugu za bibi. Anasikiliza makosa yake yote, moja moja. Kisha anaomba musamaha. Baba mudogo Kakule yuko tayari kunisindikiza. Mbuzi iko, inakula majani yake pale. Kitu kinakosa ni mimi. Kukaa ku kiti kifupi mbele ya Josaphat! Ule mutu anayesafisha viatu mbele ya kwenda shambani!

Mais leo Mungu amenikumbuka. Nilienda ku semina mu salle ya paroisse, pale kanisani, juu walisema kutakuwa sucré, soda ya bure. Madame Rébecca, mwalimu wa michezo, alikuwa anaeleza namna banamichezo bakubwa banajitayarisha. Akasema mbele ya mashindano mutu anafunga macho na kujiona anafanya. Anaona njia. Anasikia kelele. Anasikia hata harufu ya vumbi. Mwili unaamini ni kweli. Siku yenyewe ikifika, mwili unasema: aa, hii fasi naijua.

Aka! Na mimi maisha yangu yote nimejichosha na mikono!

Wakati wa pause nilikunywa sucré yangu nikatoka. Kulibaki sehemu ya pili. Haizuru. Mwenye akili, neno moja linamutosha.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Jumapili, siku ya Mungu, kuko mashindano ya velo ku Beni. Haiko velo za kuchezea, ni zile baisikeli nzito za kubeba mizigo. Zinazunguka muji muzima na kumalizia ku stade. Josaphat ni encadreur, mutu wa kumutayarisha Précieux, kijana anayebeba kakao toka Oicha. Hata mimi niko na mutu wangu: Zorobabel, wa hapa Butembo, anabeba makemba, zile ndizi za kupika. Mapaja yake ni kama kinu. Tena ni mutu wa kutii. Ukimuambia asimame, anasimama mpaka umuambie vingine.

Nilimupigia Josaphat. Nikamuambia hivi: Zorobabel akishinda, Solange arudi nyumbani, bila mbuzi, bila kiti kifupi, bila maneno. Josaphat akacheka pole pole, kama pastere anayesikia zambi ya mutu mwingine. Akasema sawa, shemeki. Na Précieux akishinda, nikuje na mbuzi mbili na nikae chini kabisa. Nikakubali.

Hakuna aliyefikiri kumuuliza Solange. Ni mambo ya banaume.

Jioni nikamueleza Zorobabel habari ya macho. Akauliza kama asubuhi aendelee kupanda mulima na velo kama kawaida. Hapana! Nikamuambia miguu iko kama akiba, inawekwa. Juma hili atashinda akiwa amelala. Alifurahi sana. Akasema hajawahi kusikia mafundisho mazuri vile, hata ku kanisa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ni uchovu tu, na aibu kidogo.

Mwaka jana mashindano yaliishia chini ya lango la migomba na maua. Donc asubuhi nikakata migomba mbili, nikasimamisha lango ndani ya parcelle, uwanja wa nyumba yangu, nikafunga maua ya njano juu. Chini yake mukeka. Nikamulaza Zorobabel, mikono ku kifua, macho ya kufunga. Akauliza aanzie wapi. Nikafikiri. Juu ya nini kujichosha na njia yote ile? Tukaanzia mwisho. Unaona lango. Bamama banapiga kigelegele. Unainua mikono miwili. Unashuka. Unashukuru.

Kushukuru njo kulikula asubuhi yote. Kwetu mutu hashuki tu na kusema aksanti kama mutu anayepewa chumvi. Kuna utaratibu. Unaanza na meya, kisha bapadri na bapastere, kisha bazazi, kisha encadreur. Zorobabel akasema hapana, mbele ya encadreur aweke mwalimu wake wa kwaya. Yeye anaimba besi. Tukabishana. Yeye macho ya kufunga, mimi ya kufungua. Hakukubali. Kisha akaanza kukoroma.

Sikumuamusha. Nikachuchumaa karibu, nikaendelea kumuambia ndani ya sikio, sauti ya chini: lango, mikono, shuka, shukuru. Nilifikiri labda akilala inaingia zaidi.

Jirani yetu Mama Kanyere akachungulia juu ya ukuta wa miti. Akaona mutu mukubwa amelala chini ya maua, mikono ku kifua, na mimi nimeinama naongea peke yangu. Yowe! Kabla nisimame, parcelle ilijaa. Bamama na viti. Bamama na kuni. Mumoja na sufuria ya maharagi. Mwingine alikuwa tayari analia kwa Kinande, anauliza marehemu anatuachia nani. Zorobabel akaamka, akakaa, akainua mikono miwili, akasema anamushukuru meya.

Bengine balikimbia. Mumoja akaanguka juu ya kiti chake.

Mama Kanyere alinisema mbele ya bote. Akasema fasi yetu vilio haikosekani, hakuna mutu anahitaji vya kujifunzia. Ni kweli. Balirudisha viti na kuni. Maharagi yalibaki, tuliyakula.

Kisha nikalala mimi mwenyewe ku ule mukeka. Nikaona Solange anaingia, sac, mufuko mukubwa, ku kichwa. Nikamuomba musamaha vizuri sana, na sauti ya kutetemeka kidogo. Akakubali. Juma hili nimemuomba musamaha mara mingi, na karibu kila mara anakubali. Mara moja tu alikataa, juu niliacha Josaphat aingie.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Beni. Nilikuja leo, mapema, juu ya mpango mudogo wa pembeni. Kama picha muzuri inasaidia mutu kushinda, picha mubaya itamuangusha. Madame Rébecca hakusema vile, mais iko wazi.

Nilimukuta Précieux anakunywa chai na mandazi karibu na depo ya kakao. Mwembamba, haya mingi, miguu ya kuku. Nikamusalimia na upole wa muzee. Nikamuuliza kama amefikiri mnyororo ukitoka itakuwa namna gani. Akaweka kikombe chini. Nikamuuliza kama mbuzi ikikata njia. Nikamuuliza kama misuli ikikaza mu kilima, mbele ya batu bote. Nikamufungisha macho ili woga uingie muzuri, ndani kabisa. Akasukuma mandazi pembeni. Ah, furaha! Kwa siku mingi sijasikia furaha vile.

Mais ni mumoja wa bale batu ba kuuliza. Akaniita Papa. Akauliza: Papa, sasa mnyororo ukitoka, nitafanya nini?

Ningefanya namna gani? Mutu akikuita Papa, humuachi bila jibu. Atafikiri hujui. Nikamuambia asiangalie batu. Ashuke upande wa kushoto, azungushe pedali nyuma na mukono, aache vidole bitafute vyenyewe. Mbuzi ikitokea, apitie nyuma ya mukia, maana mbuzi haijui kurudi nyuma. Misuli ikikaza, asisimame, abadilishe tu fasi ya makalio. Akarudia yote mu hewa, macho ya kufunga, tena na tena, mpaka chai yake ikapoa. Mwisho vidole bilienda vyenyewe, bila haraka. Nikaona woga umeingia mpaka ku mifupa. Akanipa mandazi yake ya mwisho.

Kisha nikapita njia ya Josaphat. Nilijiambia ni njia ya kukata.

Solange alikuwa inje. Anageuza kakao ku bâche, turubai la kuanikia, mu jua, na kikwembe cha kijani kiunoni. Bénite alikuwa anafukuza kuku. Solange akacheka kitu Bénite alisema. Sikusikia ni nini. Moyo uliniuma. Naandika vile ilivyo: uliniuma sana. Mimi njo nilikuwa nataka kujua ni nini.

Barabara ilikuwa kati yetu, haiko mupana. Mais nilikuwa sijatayarisha. Nikajificha nyuma ya kamyo, lori la kubeba mbao. Kamyo ikaondoka. Nikainama haraka, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na kambambili.

Sijui kama aliniona.

Jumapili, siku ya Mungu, tarehe 10 Agosti

Ni vizuri niandike mbele ya kulala, juu kesho nitaanza kuibadilisha.

Saa nane. Jua, vumbi, velo mingi. Mimi nilikodi pikipiki nifuate nyuma. Zorobabel akanyanyuka ku pedali, na tukaona mutu ambaye hakubeba kitu juma muzima. Alipita bote! Aliwaacha fasi ya mbali! Nilimuambia motar, mwenye pikipiki: ona, ona ile macho ya kufunga inafanya nini. Motar akasema yeye anaona macho yake yako wazi.

Précieux alikuwa wa pili, mbali. Mu kona ya kuingia Mulekera, mnyororo wake ukatoka. Nikapiga mikono. Nilisimama juu ya pikipiki, motar akanikalisha. Sasa, ona ajabu. Ule kijana hakulia. Hakuangalia mutu. Akashuka upande wa kushoto, akafunga macho, akazungusha pedali nyuma na mukono. Vidole bikatafuta vyenyewe. Akapanda tena. Mbele kidogo, mbuzi. Akapita nyuma ya mukia. Nikajua mara moja kuna mutu amemufundisha. Josaphat, bila shaka! Ule mutu haachi kitu kwa bahati.

Mais haikunisumbua. Zorobabel alikuwa mbele sana, na stade haikuwa mbali.

Hapa njo kitu ambacho hakuna mutu angejua. Mu avenue, ile njia ya kwenda stade, kuko familia ya Abbé Élisée. Alipewa upadri juzi, na leo alisoma misa yake ya kwanza. Misa ikiisha, anarudi kwa bazazi bake na msafara, kama desturi. Familia ilisimamisha lango katikati ya njia. La migomba. Na maua. Ya njano. Bamama balikuwa banamungoja tangu misa iishe, vikapo bya maua mukononi. Wakaona vumbi inakuja, mutu mbele, pikipiki nyuma inapiga honi. Honi ilikuwa ya motar wangu, nilimuambia apige. Bakajua ni msafara.

Kigelegele! Ngoma!

Nikaona mugongo wa Zorobabel unanyooka. Mungu wangu. Nikapiga kelele. Hakusikia. Mikono miwili juu. Velo ikasimama chini ya lango, akashuka pole pole, uso umejaa amani. Mama mumoja akamuvika maua ku shingo. Akamushukuru meya. Meya hakuwa pale. Akashukuru bapadri na bapastere, kisha bazazi, mumoja mumoja, na ile sauti yake ya besi. Bamama bakaitika aksanti. Nikafika nakimbia, naita: panda, panda, haiko hapa! Akaniangalia na mapendo. Akasema tena anamushukuru encadreur wake, Papa Jean-de-Dieu.

Alinitaja mimi kwanza, mwalimu wa kwaya nyuma. Juma muzima nilitafuta ile neno. Ikakuja leo, fasi mubaya.

Précieux akapita katikati yetu, maua yanamuangukia. Akaniona. Akapiga kelele: aksanti Papa! Kisha bengine bote bakapita, hata muzee mumoja aliyeazima velo ya bibi yake. Zorobabel hakuondoka mpaka amalize kushukuru. Mimi njo nilimufundisha asikate utaratibu. Alipofika ku mwalimu wa kwaya, Abbé Élisée mwenyewe akatokea na motokari, na bamama hawakuwa tena na maua. Bote baliniangalia mimi.

Nikamuambia motar anipeleke ku stade. Sijui nilitaka kuona nini.

Niliona toka mbali. Hakukuwa lango mwaka huu, ni mustari mweupe tu chini. Josaphat, shati nyeupe, mukono ku bega la Précieux. Na pembeni, peke yake, Solange. Bénite amevaa kama wa misa. Chini, karibu na muguu, ile sac yetu kubwa ya bluu. Labda alitoka soko. Alikuwa ameweka mukono juu ya macho, anaangalia kila pikipiki inayofika. Nikajua anatafuta mutu wa kumucheka.

Ile fasi nilikuwa nimeiona mara mingi ndani ya kichwa, mais kila mara Zorobabel alikuwa mbele na mimi na maua. Hii ingine sikuwa nimeitayarisha. Sikujua mikono niweke wapi. Motar akauliza tuingie? Nikamuambia ageuze. Butembo.

Sikumusalimia Solange. Zorobabel nilimuacha kule. Alikuwa anakula ku sikukuu ya abbé, bakamuweka ku meza ya mbele.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Solange alinipigia simu.

Akauliza kama jana nilifika ku stade. Nikasema nilikuwa na kazi. Akasema aliniona. Hata Ijumaa aliniona, nimeinama nyuma ya kamyo ambayo haiko. Kisha akauliza kama niliona ile sac. Ilikuwa nguo zake na za Bénite. Alikuwa ameaga nyumba ya kaka yake tangu asubuhi. Velo ishinde, velo ishindwe, yeye hakuwa na habari. Josaphat alimuelezea makubaliano yetu, na aliwacheka bote wawili kama batoto. Alitaka kitu kimoja tu: mimi nishuke, nivuke, nimusalimie mbele ya batu. Basi. Angebeba sac na tungerudi.

Alisimama pale mpaka walipofuta mustari. Bénite aliuliza kama Papa alipotea.

Nilikaa chini. Nilikuwa ndani ya njia, karibu na butike, nikakaa chini pale pale. Nikamuambia Solange nina maneno mingi. Akasema anayajua, aliyasikia miaka yote, na hayajawahi kufunika jikoni. Hataki mbuzi. Hataki baba mudogo Kakule. Josaphat atatoka inje, amekubali. Nikuje Jumamosi, saa nne asubuhi. Niingie, nikae, nimuombe musamaha na kinywa changu. Hataki kusikia kama nilifikiri. Anataka kunisikia. Jumamosi ikipita, Jumatatu ataandikisha Bénite ku masomo ya Beni, na mimi nibaki na mipango yangu.

Hakukasirika. Hilo njo liliniogopesha. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu.

Jioni nilikutana na Madame Rébecca ku paroisse. Habari ya lango ilikuwa imefika mbele yake, Butembo haifichi kitu. Akaniuliza kama nilibaki ku sehemu ya pili ya semina. Nikasema karibu nibaki. Akashika kichwa. Akasema sehemu ya pili njo ilikuwa yenyewe: mutu asijione tu anashinda, ajione hata vitu vinaharibika, na namna atavitengeneza. Tena, akamaliza, ukiisha kufunga macho unafungua, unaenda kufanya. Hiyo alirudia mara mbili, ananiangalia.

Nilimushukuru sana. Kumbe kosa langu lilikuwa hapo! Sikutayarisha vitu vya kuharibika.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kazi kubwa. Niko ku mukeka tangu asubuhi, naona Jumamosi.

Naingia ku Josaphat. Imbwa inaniuma. Naona imbwa, natafuta namna. Sawa. Naingia tena. Josaphat hakutoka, yuko ndani anasafisha viatu. Sawa, namusalimia. Naingia tena. Solange analia. Hapa nasimama, sina namna. Narudi ku mulango, naanza upya.

Zorobabel alipita. Amerudia makemba yake. Haniwekei kinyongo. Akasema ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yake, na bamama ba Mulekera bamemualika kwa Krismasi. Akauliza namuombea nani pale chini. Nikamueleza. Akafikiri sana, akasema yeye angepanda tu pikipiki.

Mutu muzuri, mais hana akili ya mambo haya.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Asomsio, sikukuu ya kupalizwa mbinguni. Misa ndefu. Nilifunga macho wakati wa mahubiri, nikafanya Jumamosi yote mara mbili nzima. Sasa imbwa hainiumi tena. Solange akilia, najua kunyamaza na kungoja. Bado kidogo tu sauti yangu, inakuwa ya chini sana. Baba mudogo Kakule aliniuliza ku mulango wa kanisa kama kesho naondoka saa ngapi. Nikasema mapema. Akasema anitafutie motar? Nikasema hapana, kila kitu kiko tayari.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Niliingia ku Mulekera mbele ya saa nne. Imbwa ilinusa suruali yangu, ikaenda. Josaphat alitoka, shati nyeupe, akanipa mukono bila neno. Solange alikuwa ndani, na kikwembe cha kijani. Sikungoja wanipe kiti, nikakaa ku kile kifupi mimi mwenyewe. Nikasema: Solange, nimekosa. Nilitoa paa juu ya kichwa chako na nikaita hiyo mpango. Nilikuweka ndani ya mashindano kama kombe. Nilikuona mu jua nikajificha. Nilikuona na sac nikageuza. Sina neno lingine, naomba unisamehe.

Sauti haikutetemeka. Solange akalia. Nikanyamaza, nikangoja. Bénite akatoka mu chumba akakaa ku magoti yangu. Solange akapangusa macho, akainama kushika sac.

Simu ikalia. Nikafungua macho.

Mukeka. Parcelle. Mama Kanyere anapepeta muchele ngambo ya ukuta. Jua lilikuwa juu ya kichwa kabisa. Alikuwa Josaphat. Akaniambia, bila kucheka hata kidogo, kwamba Solange amekaa ku kiti tangu saa nne na hataki kula. Shemeki, akauliza, uko wapi?

Nikamuambia niko njiani.

Akasema sawa, atamuambia angoje kidogo. Nikakata simu, nikalala tena, nikafunga macho niione hiyo njia.